Kuona na Kuonekana

Mtu akizeeka, ngozi ya uso wake hulegea. Nyusi hushuka, kope za juu huwa nzito, na paji la uso huandikwa mistari. Jambo hili si geni. Wazee wa Ngara na wa Biharamulo wamekuwa nalo tangu zamani, wala hakuna aliyeliitia baraza. Lakini siku hizi wako mafundi wasemao kwamba uso ulioanguka waweza kuinuliwa, kama mtu ainuavyo paa lililobonyea kwa kutia nguzo mpya. Habari hizi zimefika hata kwetu, maana vijana huziona katika simu zao, nao huwaonyesha mama zao. Zamani wenye fedha walisafiri mpaka Bara Hindi kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji wa kurekebisha umbo la mwili. Basi swali limeingia katika mazungumzo ya sharika zetu: Je, yafaa mtu kuukata uso wake ili uinuke?

Wengine hujibu upesi kwamba ni kiburi, maana aliyeumba uso alijua alichokifanya. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba uso ni wake na fedha ni yake, wengine yawahusu nini? Twaona majibu yote mawili yamekuja kabla ya wakati wake, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza ni kitu gani kilichoanguka, na kuanguka kwake kumemfanyia nini mwenyewe.

Tuanze na ukope wa juu. Huinuliwa na msuli mwembamba ulio ndani ya tundu la jicho, na msuli huo umeshikamana na ukope kwa utando, mfano wa ugwe uvutao pazia. Kwa miaka mingi ugwe huu hulegea, na pazia hushuka ingawa msuli wenyewe ni mzima. Tena ngozi ya ukope, iliyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, hupoteza mvuto wake, ikafanya mkunjo, na mkunjo ukalala juu ya nywele za kope. Zaidi ya hayo nyusi zenyewe hutelemka pamoja na ngozi ya paji la uso, zikaongeza mzigo juu ya mzigo. Mara nyingi mambo haya matatu huja pamoja, na mganga asiyeyatenganisha aweza kukata mahali pasipo na kosa.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hawalijui. Mzee ambaye kope zake zimefunika nusu ya mboni hakubali giza hivi hivi. Huuita msuli wa paji la uso umsaidie, ule uinuao nyusi mtu anaposhangaa. Huuinua asubuhi aamkapo, wala hauachilii mpaka alalapo. Ndiyo sababu paji lake lina mistari mirefu, na ikifika jioni kichwa chamwuma juu ya macho. Wengine huinua kidevu na kutazama kwa chini, na wamwonao njiani husema, "Yule ana maringo." Kumbe anatafuta nafasi ya kuona njia. Mistari ile ambayo fundi wa urembo aiita uharibifu, kwa watu wengi ni alama ya kazi, kama sugu katika mkono wa mwenye jembe.

Hapo ndipo ilipo hatari ya sindano inayosifiwa sana mijini, ile ya kulaza misuli ya paji ili mistari ifutike. Mwanzo wake ni habari ya ajabu kidogo. Katika nchi ya Württemberg, huko Ujerumani, miaka ya 1820 hivi, mganga mmoja aitwaye Justinus Kerner, aliyekuwa pia mtunga mashairi, aliandika juu ya watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Aliona kwamba midomo yao ilikauka, wakashindwa kumeza, na kope zao zikaanguka. Sumu ile hukata habari kati ya mshipa wa fahamu na msuli, hata msuli ukalala kana kwamba haukuitwa. Zaidi ya miaka 100 ilipita. Ndipo Alan Scott, mganga wa macho wa San Francisco, alipoijaribu sumu hiyo kwa vipimo vidogo mno ili kunyoosha macho yenye makengeza, na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikairuhusu kwa makengeza na kwa ugonjwa wa kope zinazojifumba zenyewe bila kukoma. Jean na Alastair Carruthers, waganga mke na mume wa Vancouver katika Kanada, waliona kwamba wagonjwa waliochomwa kwa ajili ya macho walipoteza pia makunyanzi yaliyo kati ya nyusi, wakaandika habari hizo mwaka 1992. Ilipofika mwaka 2002 ikaruhusiwa Marekani kwa ajili ya makunyanzi hayo peke yake. Wauzaji huiita Botox. Hivyo dawa iliyotafutwa ili watu waone ikawa dawa ya watu waonekane.

Nguvu zake hudumu miezi mitatu au minne, kisha hurudiwa, na kila mara kwa fedha. Lakini ikitiwa na mkono usiojua katika paji la mzee tuliyemtaja, ambaye nyusi zake zashikiliwa na msuli ule mchana kutwa, yaweza kumtokea jambo la kinyume. Msuli hulala, nyusi hushuka, kope hufuata, na yule aliyelipa ili uso uinuke akarudi nyumbani akiwa haoni. Tena sumu ikipenya mpaka msuli wa ukope wenyewe, ukope huanguka kwa majuma kadha, vile vile kama Kerner alivyoona kwa walaji wa soseji, ingawa hapa mtu hafi.

Njia za kisu ni nyingine. Mganga aweza kukata kipande cha ngozi iliyozidi katika ukope na kuishona, nalo kovu hujificha katika mkunjo. Aweza kuukaza ule ugwe uliolegea. Mtoto aliyezaliwa na msuli usio na nguvu kabisa, mganga huufunga ukope wake na msuli wa paji la uso kwa ukanda uliochukuliwa pajani mwake mwenyewe, au kwa uzi maalum, ili ainuapo nyusi na ukope uinuke. Kwa nyusi zilizoshuka wako wapasuao ngozi ya kichwa toka sikio hata sikio na kuivuta nyuma. Wako watoboao matundu madogo na kuingiza kamera nyembamba. Na wako wakatao juu ya nyusi zenyewe, ambapo kovu huonekana. Pia pana nyuzi zenye miiba midogo zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta, nazo huyeyuka, na uso hurudi ulikokuwa. Pana dawa ya matone iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020, ambayo huinua ukope kidogo kwa saa chache. Mafuta ya kupaka yainuayo ukope ulioanguka hatuyajui, ijapokuwa yauzwa katika kila soko.

Wala kazi hizi hazikosi hatari. Ngozi ikikatwa mno, jicho halifumbiki tena. Hukauka usiku, na kioo cha jicho huweza kupata kidonda. Damu ikivuja nyuma ya jicho, jambo ambalo ni nadra, mtu aweza kupofuka. Apasuliwaye kichwani aweza kubaki na ganzi utosini, au kupoteza nywele penye kovu. Na sisi watu weusi yatupasa kukumbuka makovu yavimbayo. Kope hazina tabia hiyo sana, bali masikio na kifua mara nyingi.

Tumeeleza haya kwa urefu ili msomaji aone kwamba kisu kimoja chatumika kwa haja mbili zilizo mbali. Haja moja ni kuona. Haja ya pili ni kuonekana. Na kwa habari ya haja ya kwanza, hatuoni mahali pa kuweka shaka. Jina ambalo waganga wa Ulaya hulitumia kwa kazi ya kutengeneza ukope lilianza kutumiwa na Karl Ferdinand von Graefe mwaka 1818, naye alikuwa akitengeneza kope zilizoliwa na ugonjwa. Katika vita ya 1914 hata 1918, vita ile ile iliyofika Biharamulo mwaka 1916 pamoja na majeshi ya Wabelgiji, baharia mmoja wa Kiingereza, Walter Yeo, aliunguzwa katika mapigano ya Jutland hata akapoteza kope zake za juu na za chini. Mwaka 1917 mganga Harold Gillies alimfunika macho kwa ngozi ya mwili wake mwenyewe. Nani atasema kwamba Yeo alitafuta urembo? Mtu asiye na kope hapati usingizi mwema, wala hawezi kuzuia vumbi lisimwingie jichoni.

Na hapa Tanzania upasuaji wa kope haukuanza na matajiri. Katika Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma ugonjwa wa vikope umezikunja kope za watu kwa ndani, hata nywele zake zikawa zikikwaruza jicho kila mtu apepesapo. Wanawake wengine huchukua koleo ndogo mfukoni ili kuzing'oa. Wauguzi waliofundishwa huupasua ukope na kuugeuza nje, kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi kwake siku ile ile. Mwenye kusema kwamba ni dhambi kuugusa uso ulioumbwa, na aende kwanza akawaambie wanawake wale.

Wasomaji wanamkumbuka Isaka. Alipokuwa mzee macho yake yakawa hafifu, akashindwa kumtambua mwanawe aliyesimama mbele yake, na udanganyifu wa siku moja ukaigawanya nyumba nzima. Kutokuona kwa mzee si shauri la mzee peke yake. Bibi asiyeona vizuri hujikwaa katika kizingiti akavunja nyonga, akaacha kulima, akaacha kuja ibadani kwa sababu hasomi tena tenzi, na watu wakasema amepoa. Mtoto ambaye ukope wake umefunika mboni tangu kuzaliwa, asipotengenezwa mapema, jicho lile halijifunzi kuona kamwe, hata ukope ukiinuliwa baadaye. Shuleni mwalimu humwita msinziaji.

Hata serikali zimelazimika kutenganisha haja hizi mbili. Marekani, bima ya wazee iitwayo Medicare hailipi upasuaji wa kope kwa ajili ya uzuri, bali hulipa kama kope zazuia kuona. Mgonjwa hupimwa upana wa kuona kwake kope zikiwa zimeanguka, kisha hupimwa mara ya pili zikiwa zimeinuliwa kwa utepe wa gundi, na tofauti huandikwa. Twapenda busara ya kipimo hicho. Hakimwulizi mtu kama ana kiburi. Chamwuliza aona nini.

Kama mambo yangeishia hapo, tungeweza kusema kwamba aonaye vibaya na atengenezwe, na atakaye kuonekana tu na aache. Lakini hatuwezi kusema hivyo kwa wepesi. Kuonekana si jambo jepesi katika nchi ambamo uso wa mzee umekuwa hukumu yake.

Biharamulo ni jirani ya Usukuma, na ndugu wengi kutoka huko wamehamia kwetu na ng'ombe zao, wakawa watu wa nyumbani. Wao wenyewe wanajua vizuri kuliko sisi habari za vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi. Kwa hesabu iliyokusanywa na serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa ajili ya tuhuma za uchawi, na zaidi ya 2,200 kati yao walikuwa wanawake. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliongoza. Wala mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984. Na alama iliyotajwa mara nyingi kuwa ushahidi juu ya wanawake hao ilikuwa macho mekundu.

Macho mekundu yatoka wapi? Yatoka jikoni. Mahali ambapo miti imekwisha, watu hupika kwa samadi ya ng'ombe na kwa mabua, na moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepuliza moto huo tangu utoto wake, katika nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka 60, amewalisha watu wangapi? Tena ukope wa chini nao hulegea kwa uzee kama wa juu. Ukilegea sana hugeuka nje, na utando mwekundu wa ndani hubaki wazi, ukikauka na kuvimba, na machozi yakitiririka shavuni mchana na usiku. Ndio uso ambao mtu alitazama akasema, "Huyu ndiye aliyemwua mtoto wangu." Kumbe alikuwa anatazama kano iliyolegea.

Na kano hiyo huweza kukazwa. Ni upasuaji mdogo kuliko ule wa paji la uso, nao huponya machozi na wekundu. Basi mtu aweza kutuambia, "Mpelekeni bibi akakatwe, awe salama." Twajibu: kama macho yanamwuma, apelekwe, tena upesi. Lakini kama haja ni kwamba jirani asimwue, shauri hilo linatutia haya. Itakuwaje kwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye hana nauli? Tutakata nyuso zote za wazee mpaka zisimwogopeshe mtu yeyote? Ukope wa bibi wahitaji mganga. Jicho la amtazamaye lahitaji mafundisho, na kwa mwenye panga lahitaji polisi. Mtu asidhani pia kwamba hofu hii ni ya kabila moja. Tumesikia katika vilima vyetu wenyewe watu waliosoma wakinong'ona juu ya macho ya mama mzee penye matanga.

Watu wa Ngara wanajua zaidi ya wengi mahali njia ya kusoma nyuso inakofika. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapata robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Tanzania, na Benaco ikawa kambi kubwa kama mji. Huko ng'ambo, siku zile zile, watu walikuwa wakisimamishwa njiani na kutazamwa kimo, na pua, na hati zao, na kwa kutazamwa huko wengi waliuawa, na mto Kagera ukachukua maiti zao. Hatulinganishi jambo hilo na shauri la makunyanzi. Twasema tu kwamba waliokuwapo hawawezi tena kusikia neno "sura yake yajieleza" wakaona kuwa ni neno dogo.

Kwa hiyo mtu ajapo akisema kwamba uso wake umeanguka naye anaona haya kuonekana, tusimcheke. Tumwulize ni nani aliyemtia haya. Mara nyingi jibu halitakuwa mbali. Mume amekuwa akimwita mzee mbele ya wageni, au dukani wanatafuta msichana wa kukaa mbele ya wanunuzi, au watoto wake wamemcheka katika picha ya harusi. Lea katika nyumba ya Labani hakuwa na kosa la macho yake. Waliomlinganisha na ndugu yake kila siku ndio walioyafanya kuwa mzigo. Na Samweli, nabii mzima, aliposimama mbele ya wana wa Yese, alikaribia kumpaka mafuta aliyemvutia kwa kimo na sura. Ikiwa nabii alivutwa, sisi tutajisifu kwa nini?

Wako wasemao kwamba desturi ya kubadili uso imetoka Ulaya. Hawakumbuki. Wamakonde wa kusini walichanja nembo nyusoni mwao, na wanawake wao wakavaa ndonya katika mdomo wa juu; na huko pwani wanja umepakwa machoni karne nyingi. Sisi twaona tofauti moja kubwa hapo. Mwenye nembo alikatwa ili aonekane kuwa amekua, ahesabiwe kati ya watu wazima, na maumivu yale yalimpandisha. Kisu cha leo kinakata ili mtu asionekane kuwa amekua. Mila zile zilikuwa na ukali wake, wala hatuzitaki zirudi. Lakini zilijua kwamba uso wa mtu mzima ni cheo. Mzee wa Kihangaza au wa Kisubi aliyeingia barazani hakuhitaji kutaja umri wake. Watu walisimama wakampa kiti. Ikiwa leo mtu ataka kuficha kitu kilichompa kiti, ni kwa sababu kiti hakitolewi tena, na hilo ni shauri letu sote kabla ya kuwa shauri la mpasuaji.

Twasema nini basi juu ya mtu aonaye vema, asiyetiwa haya na mtu, mwenye fedha, ambaye ataka tu uso wa miaka 40 akiwa na 60? Hatuna amri ya kumkataza, wala hatutaki kumtenga. Twamwambia tu mambo aliyofichwa na muuzaji: kwamba ngozi itashuka tena, maana mwili hauachi kuzeeka kwa kuwa umeshonwa, kwamba shingo na mikono vitasema umri ambao paji limenyamaza, na kwamba watu wa nyumbani wameusoma uso wake miaka mingi, nao wanajua kwa nyusi zake akiwa amekasirika, au amechoka, au anazuia kicheko. Mama aliyelazwa misuli ya uso hata asiweze kukunja kipaji amepoteza njia moja ya kusema na watoto wake. Hilo si dogo. Kama baada ya kujua hayo bado ataka, tumwombe aende kwa mganga mwenye cheti, wala si kwa msusi wa nywele aliyenunua sindano kwa njia ya simu. Wale wauzao mkorogo wa kuchubua ngozi, wenye zebaki ndani yake, hawakukoma kwa kupigwa marufuku. Tangu mwaka 2019 vipodozi vimewekwa chini ya Shirika la Viwango, na bado twaviona minadani. Mkono uuzao mkorogo hautaona taabu kuuza sindano.

Imebaki habari moja kwa wainjilisti na wazee wa mitaa, ambao ndio waonao nyuso za watu kila juma. Tuliyosema juu ya uzee ni ya kope zinazoshuka polepole, miaka kwa miaka. Ukope unaoanguka ghafula si uzee. Ukope mmoja ukianguka siku moja, na jicho likageuka upande, au kichwa kikauma kwa nguvu, au mdomo ukapinda na mkono ukalegea, ni jambo la hospitali saa ile ile. Yaweza kuwa kiharusi, au mshipa wa damu uliovimba katika ubongo. Kope zinazokuwa nzima asubuhi na kuanguka jioni, pamoja na kutafuna kwa shida, ni ugonjwa wa misuli wenye dawa. Na kwa ninyi mkaao kando ya pori la Burigi, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019: mtu akiumwa na nyoka, naye baada ya muda akaanza kushindwa kufumbua macho, msimwache alale. Sumu ya swila na ya koboko hulegeza misuli, na kope ni kati ya misuli ya kwanza kuonyesha. Ile ya kupumua hufuata. Msimkate chale, msimfunge kamba ya kukaza; mwondoeni mbio.

Na kwa kope za uzee, hospitali ya Murgwanza, na ya Rulenge, na ya Biharamulo zaweza kuanza kumtazama mtu, na kumwandikia barua kama yafaa aende Bugando, Mwanza, au KCMC kule Moshi. Safari ya Mwanza imekuwa rahisi kidogo tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, maana hakuna tena kungoja kivuko. Kabla ya kumpeleka, mkalisheni mzee mlangoni penye mwanga, atazame mbele bila kuinua kidevu. Mwekeeni kidole juu ya nyusi, taratibu, ili asiweze kuziinua, mkaangalie kama ukope umefunika mboni. Kisha uinueni ukope kwa ncha ya kidole kilichonawa, mkamwulize aona nini pale juu, kama ni kenchi ya paa au ni matawi ya mwembe. Akitaja kitu ambacho hakukiona kwanza, liandikeni jina la kitu hicho katika karatasi, apewe mganga.